Dada yangu alifariki Doha, lakini kiti cha mbele cha gari kikakataa kukubali

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mnaojifanya mpo kazini.

Hili nimelikalia miaka. Ana kwa ana nimewahi kumsimulia rafiki mmoja tu kijiweni, akacheka hadi akapaliwa na chai. Alipomaliza kucheka akaanza kunisomea dua. Yote mawili nilimwelewa. Nyie mtachagua upande.

Majina nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyotokea, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Kuanzia 2011 nilikaa Doha miaka mitano, dereva wa nyumbani. Siyo taxi, siyo kampuni. Familia moja ya Kiqatari kule Al Rayyan: asubuhi watoto shule, mchana sokoni, jioni popote watakapo. Nilikuwa na chumba changu uani na AC yangu. Walikuwa watu wema, nisije nikawasingizia.

Kazi hiyo alinitafutia dada yangu, Zaina. Da Zai. Alikuwa mpishi wa nyumba hiyohiyo, kanitangulia miaka minne. Kwa kuzaliwa kanizidi miaka tisa, na hakuniruhusu nisahau hata mwezi mmoja wa hiyo tisa.

Alikuwa mfupi, mbishi, ana sauti ya mwalimu wa zamu. Kila Ijumaa nilikuwa nampeleka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kwa Watanzania wenzetu. Anakaa kiti cha mbele, na toka getini mpaka tunafika ananifundisha kuendesha gari.

Yeye leseni hana. Hata baiskeli hakuwahi kupanda.

"Sefu, taa."

"Nimeiona."

"Umeiona na mguu uko kwenye mafuta?"

"Da Zai, mimi ndiye dereva."

"Na mimi ndiye niliyekuleta."

Hapo mjadala umefungwa.

Mtu mwingine wa kumjua ni mama yake bosi. Nyumba nzima tulimwita Yumma, yaani mama kwa Kiarabu cha kwao. Macho yalikuwa hafifu, magoti yamechoka, lakini masikio yalikuwa ya popo. Huyu bibi na Zaina walikuwa kitu kimoja kwa sababu ya boko boko. Wao wana chakula chao cha ngano na nyama kinachofanana nalo. Zaina siku moja akampikia boko boko la kwetu Tanga. Yumma alilamba kijiko, akatangaza kwamba vile alivyokula toka utotoni vyote vilikuwa majaribio.

Basi.

Mwisho wa 2013 Zaina akaanza kulalamika tumbo. Akasema ni vidonda vya tumbo, akajitibu mwenyewe: asali, unga wa mlonge, maji ya vuguvugu. Alikuwa anakonda. Mimi nikamwambia amependeza.

Nalijutia hilo mpaka leo.

Alipokuja kupelekwa hospitali ilikuwa saratani ya kongosho, na ilishafika kwenye ini. Daktari alieleza kwa upole sana. Zaina akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia nimuulize kama mwezi wa Ramadhani atakuwa na nguvu ya kupika, kwa sababu wageni wa nyumba ile huwa wengi.

Ramadhani hakuifikia.

Sasa wakuu, naomba hapa mnivumilie.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Kulikuwa na upepo wa vumbi siku mbili mfululizo, magari yote ya Doha yamekuwa rangi moja. Mimi nilikuwa sehemu ya kuosha gari. Zaina akanipigia simu kutoka wodini.

"Sefu, wameniruhusu. Wamesema nikapumzike nyumbani. Nimeshavaa, nakusubiri."

"Nipo njiani Da Zai."

Gari lilikuwa limejaa povu mpaka kwenye vioo.

Nyie mnaijua "nipo njiani" ya Mtanzania. Sikuwa na haraka. Niliona kuruhusiwa ni dalili ya nafuu. Sikujua kuna ruhusa ya aina nyingine, ile ya kwenda kufia nyumbani. Nikasubiri wakaosha, wakakausha, wakaweka na manukato ya ndani. Nikanunua karak, ile chai yao ya maziwa na hiliki. Dakika arobaini hivi.

Nilipofika, nesi wa Kifilipino akanizuia mlangoni, kaniwekea mkono kifuani.

Zaina alikuwa amekaa kitandani, kavaa baibui, mkoba mapajani, simu mkononi. Kama mtu aliyesinzia kituoni.

Alizikwa kesho yake baada ya Alasiri. Bosi alihangaika na karatasi zote, alikuja makaburini, alitia udongo kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nafanya ninachoambiwa. Nenda, nakwenda. Kaa, nakaa.

Mama Muheza alinipigia usiku ule. Swali lake la kwanza: "Ulikuwa naye?"

Nikasema nilikuwa naye.

"Ulimshika mkono?"

Nikasema nilimshika. Halafu nikaongeza kwamba alitamka shahada mara tatu, taratibu. Halafu nikaongeza tabasamu. Uongo ukishaanza unajipamba wenyewe. Mama akalia, akashukuru, akasema afadhali mwanangu hakuondoka mpweke.

Nikakata simu, nikakaa chini kwenye vigae.

Siku ya tatu baada ya maziko nikarudi kazini. Niliwapeleka watoto shule, wao hukaa nyuma. Nikawashusha, nikageuza gari kurudi, niko peke yangu.

Ting.

Ting.

Ting.

Kwa wasiojua: kiti cha abiria cha mbele kina kitu chini yake kinachohisi uzito. Mtu akikaa bila kufunga mkanda, gari linalia na taa nyekundu inawaka. Mzigo mzito nao unaweza kufanya hivyo.

Nikatazama kiti. Kitupu.

Nikasimama pembeni, nikapekua. Chini ya kiti nikakuta kokwa mbili za tende na kalamu ya rangi. Nikatoa. Nikaondoka.

Ting. Ting. Ting.

Na kuna jambo la kiufundi hapa: ukiongeza mwendo, mlio unaongeza kasi. Nikikanyaga mafuta, tingtingting. Nikipunguza, ting... ting... Wakuu, ile haikuwa kengele. Ule ulikuwa ni mjadala wangu wa kila Ijumaa.

Nikanyoosha mkono, nikafunga mkanda kwenye kiti kitupu. Kukawa kimya.

Nilifika nyumbani na mwendo wa arobaini. Malori yalikuwa yananipita.

Nilinyamaza wiki nzima. Nikiingia garini, nafunga wangu, nafunga na wa pembeni. Nilijiambia ni waya. Lakini nilianza pia kusema "samahani" nikipiga breki ya ghafla.

Wa kwanza kunishtukia alikuwa Yumma. Nilikuwa nampeleka mazoezi ya magoti mara mbili kwa wiki. Siku hiyo nilisahau mkanda wa pembeni. Gari likaanza kulia. Yumma nyuma akainua kichwa.

"Zeina," akasema kwa Kiarabu, maana jina la Zaina alilitamka hivyo, sauti ya kawaida kabisa, "funga mkanda binti yangu, tuondoke."

Nikafunga. Kukawa kimya.

"Barakallah," akasema Yumma, akarudi kwenye tasbihi yake.

Baada ya hapo mambo yakatoka mikononi mwangu.

Yumma akawaambia wajukuu. Wajukuu wakaanza kupanda gari wakisalimia kiti. Mmoja alikuwa anamwachia Zaina chipsi. Nyumbani akaletwa mpishi mpya, Mkenya wa Kakamega, Dada Rose, mlokole, mtu wa vicheko. Siku ya kwanza nampeleka sokoni nikamfungulia mlango wa mbele. Alikuwa kashasimuliwa.

"Wewe Sefu, mimi siketi hapo. Hiyo kiti iko na mwenyewe. Sikutoka Kakamega nije kukalia watu."

"Dada Rose, ni waya tu."

"Kama ni waya, mbona unaifungia mkanda?"

Alikaa nyuma. Na akaanza kuomba kwa sauti mpaka sokoni, akimkemea asiyemjua. Kufika akaniuliza, "Alikuwa mtu mbaya?" Nikasema hapana, alikuwa mkali tu. Akafikiri kidogo. "Basi nitamuombea apumzike, nisimkemee. Nisije nikakosana na mwenye jiko."

Bosi ni injinia. Haamini vitu vya ovyo. Akachukua gari mwenyewe siku moja asubuhi, akazunguka nalo mpaka West Bay kazini kwake na kurudi. Aliporudi nikamwona anashuka taratibu. Nikachungulia. Mkanda wa abiria umefungwa.

Hakunitazama. Akasema tu, "Peleka kwa fundi."

Nikaenda kwa fundi wa Kihindi kule kwenye magereji. Mzee makini, miwani kamba shingoni. Akachomeka kompyuta yake, akaisoma muda mrefu.

"Gari salama," akasema. "Mafi mushkila, hakuna shida."

"Mbona linalia?"

"Linalia kwa sababu abiria hajafunga mkanda."

"Abiria gani?"

Akanigeuzia kioo. Kiswahili hajui, Kiarabu chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini alichosema nilikielewa vizuri. "Kompyuta inasema yupo. Mtu mzima, mwembamba. Kilo arobaini na mbili."

Wiki ya mwisho wodini walimpima Zaina mbele yangu. Arobaini na mbili.

Sikumwambia fundi. Niliomba maji ya kunywa.

Akabadilisha kile kihisio, akaweka kipya. Na kweli, gari likanyamaza. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya.

Wakuu, mnadhani nilifurahi?

Zile siku mbili nilikuwa kama niliyefiwa upya. Nilikosa njia niliyoipita miaka mitatu. Nilipita taa nyekundu, mara yangu ya kwanza Doha. Niligundua nilikuwa nimezoea kumsimulia mambo: watoto wamegombana, Rose kaunguza wali, Mama kapiga simu. Sasa nilikuwa naongea na ngozi ya kiti.

Siku ya tatu, kwenye mzunguko karibu na nyumbani, nimekunja kwa fujo kidogo.

Ting. Ting. Ting.

Nilicheka peke yangu. Nilipiga na honi. Mtu wa pikapu pembeni akanionyesha ishara ya kichaa, nami nikampungia mkono.

Hapo ndipo shida ikaanza rasmi, kwa sababu bosi alikuwa nyuma yangu na gari lake jingine, na aliniona. Dereva wake anacheka, anapiga honi, anafungia kiti kitupu mkanda. Na huyo ndiye anayebeba watoto wake.

Akaniita jioni ile. Akasema kwa utulivu kwamba ananiheshimu, lakini niende kwa daktari wa akili. Daktari akisema siko sawa, nitarudi kwetu nipumzike.

Kurudi kwetu maana yake nimtazame Mama usoni. Niliogopa hilo kuliko kufukuzwa kazi.

Daktari alikuwa Mmisri, mtaratibu, kalamu mkononi.

"Unasikia sauti?"

"Ndiyo."

"Sauti inasema nini?"

"Ting ting ting."

Akaandika. "Kuna mtu mwingine anaisikia?"

"Ndiyo. Watoto. Yumma. Mpishi. Fundi. Na bosi."

Kalamu ikasimama. "Bosi wako anaisikia?"

"Aliisikia, akamfungia mkanda."

Akavua miwani. "Na kwa nini wamekuleta wewe tu?"

Tukatazamana. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka, kisha akaacha kujizuia. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: nalala? Nikasema silali. Nakula? Kidogo. Nimelia? Nikasema sijalia. Akaandika kwamba niko sawa kuendesha gari, nimefiwa, na nipewe vitamini D. Wote mliopita Doha mnajua, hakuna aliyewahi kutoka kliniki kule bila vitamini D.

Karatasi ikamridhisha bosi. Mimi haikuniridhisha. Nilijua ni kwa nini dada yangu yuko kwenye kile kiti. Alikuwa kashavaa. Alikuwa ananisubiri nimchukue.

Nilimwambia Yumma. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu haoni vizuri, hangeuona uso wangu. Tulikuwa tumeegesha nje ya kituo cha mazoezi, mchana, AC inavuma. Nikamweleza yote: simu, povu, karak, "nipo njiani", na uongo niliompa mama yangu.

Akavuta punje chache za tasbihi.

"Ulisema uko njiani."

"Ndiyo Yumma."

"Ulikuwa njiani?"

"Hapana."

"Basi nenda sasa. Kuwa njiani."

Nilijaribu kueleza kwamba hospitali haitoi tena mtu aliyezikwa. Hakunisikiliza. Alikuwa anatafuta simu yake ampigie Rose achemshe ngano.

Kwa hiyo Jumanne iliyofuata, saa tatu na nusu asubuhi, sisi tukaenda kumchukua Zaina hospitali.

Nyuma kakaa Yumma, kavaa abaya mpya. Pembeni yake Dada Rose, kakumbatia sufuria la boko boko, kwa sababu Yumma alisema mgonjwa haendewi mikono mitupu. Mbele mimi na kiti. Sikuwa nimepita barabara ile toka siku ile. Nilikuwa nazunguka mbali kuikwepa.

Tukafika kwenye sehemu ya kushusha na kupakia wagonjwa. Mlinzi, Mganda mmoja kijana, heshima zake zote, akaja dirishani. Kuona sisi Waafrika wenzake akaingia Kiswahili chake cha Kampala.

"Munachukua nani?"

"Mgonjwa," akasema Rose kabla sijafungua mdomo.

"Jina yake?"

"Zaina."

Akatazama karatasi yake. "Leo hayuko hapa. Aliruhusiwa lini?"

Rose akanitazama. Mimi nikatazama usukani.

"Miezi mitatu iliyopita," nikasema.

Yule kijana akatutazama mmojammoja. Bibi wa Kiqatari na tasbihi. Mwanamke na sufuria. Dereva machozi yanamtoka, maana kumbe yalikuwa yameanza. Sijui alielewa nini. Akasema, "Okay. Nawapa dakika tano," akaenda kusimama mbele ya gari letu na kuwazuia wengine wasitupigie honi.

Nikashuka. Nikazunguka, nikafungua mlango wa mbele, nikasimama nao wazi. Watu wanapita na viti vya magurudumu. Jua kali.

Nikasema, "Da Zai, nimefika. Nisamehe, nimechelewa. Nilikuwa sijaondoka hata. Nilikudanganya."

Yumma akagonga kioo: mfungie mkanda.

Nikafunga.

Tukarudi Al Rayyan mwendo wa arobaini, taa za hatari zinawaka kama msafara wa bibi harusi. Rose alikuwa anaimba kidogo kidogo pambio la kanisani kwao, Yumma anasoma Fatiha, na mimi nalia kwa sauti kama mtoto. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kufika, bosi yuko mlangoni. Hakwenda kazini siku hiyo, sikumbuki kwa nini. Akaona mama yake anashuka. Akaona mpishi anashuka na sufuria. Akaniona mimi nazunguka, namfungulia mlango mtu asiyekuwepo, nasema karibu nyumbani.

Nilijua leo ndiyo tiketi yangu ya kurudi kwetu.

Bosi alikuwa amesimama katikati ya mlango. Alitutazama. Halafu akasogea pembeni, akapisha. Akasubiri kama sekunde kumi hivi, mkono umeshika mlango usijifunge, kisha akaingia ndani.

Tulikula boko boko wote, sakafuni, kwenye sinia moja. Rose alikuwa kaweka chumvi nyingi. Yumma alisema Zeina angegomba.

Sasa najua mnasubiri niseme kwamba toka siku ile gari likanyamaza.

Kesho yake asubuhi, nimewashusha watoto, nageuza.

Ting. Ting. Ting.

Nilirudi kumweleza Yumma nikiwa nimechanganyikiwa. Akafikiri. Akasema, "Basi. Kapapenda garini."

Gari liliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Halafu bosi akanunua jipya, lile akamuuzia mwalimu mmoja wa Kisudani aliyefundisha Qur'ani huko huko Al Rayyan. Siku linaondoka nililifuta mwenyewe, ndani na nje. Sikumwambia kitu yule Ustadh. Ningeanzia wapi?

Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia. Namba aliipata kwa bosi.

"Akhi Sefu," akasema, "niambie ukweli. Nani anakaa mbele?"

Nikajaribu kusema ni waya. Akasema fundi wake naye kasema hakuna tatizo. Akasema mwanzoni alidhani ni mkewe anayemlalamikia, lakini mkewe yuko Khartoum.

Nikamwambia. Na kwa kuwa nilishazoea kusema ukweli kwa watu wasionihusu, nikamwambia na zile dakika arobaini.

Nikasikia anatafuta kalamu.

"Jina lake kamili?"

"Zaina binti Athumani."

"Allah amrehemu. Mimi kila alfajiri naenda msikitini na gari, halafu madrasa, halafu soko la samaki. Kuna kinachomkera?"

"Mwendo."

"Mimi ni mtu wa taratibu," akasema. "Wala usiwe na wasiwasi." Halafu akauliza, "Na mama yenu, anajua alivyofariki?"

Nikasema anajua nilichomwambia.

Hakusema zaidi ya "haya", akaniaga.

Ijumaa ile nikampigia Mama. Nilimwambia yote bila kupumzika ili nisirudi nyuma. Kwamba sikuwepo. Kwamba sikumshika mkono. Kwamba shahada sikuisikia, na tabasamu nililitunga.

Nilisikia kuku wa kwetu kwenye simu. Nilisikia mtu anatwanga kwa jirani.

"Sefu," Mama akasema, "wewe siku ya kuzaliwa ulichelewa. Uchungu umeanza, umekatika, mkunga kaja karudi, kaja karudi. Siku tatu. Zaina ana miaka tisa, kakaa mlangoni, khanga yako kaiweka mapajani, anakataa kwenda chuoni kusoma Qur'ani, anasema mpaka mdogo wangu afike. Huyo ndiye unadhani kakukasirikia kwa dakika arobaini?"

Nikafuta uso kwa mkono wa shati.

"Alikuzoea, mwanangu."

Nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nayo toka ile Jumanne.

"Ila mimi umenidanganya mwaka mzima," akasema. "Hilo tutaliongea ukija."

Na nilipokwenda likizo tuliliongea. Sitasimulia, nina heshima zangu humu.

Nilichojifunza wakuu, msiba unaweza kuchekesha, na ukicheka hujamdharau marehemu. Mimi machozi yaliletwa na sufuria la boko boko kwenye maegesho, siyo makaburini. Na uongo wa kumfariji mtu unamfariji yeye, wewe unabaki umekaa juu ya vigae. Mwambie mapema, akugombeze, yaishe.

Je, kuna mwenzangu aliyewahi kuhisi marehemu wake yuko karibu, kwa njia ya kijinga kama hii? Andika hapo chini, nitasoma zote, sitamcheka mtu. Wa imani zote karibuni, msinigombanie tu.

Na mafundi wa umeme wa magari mliomo humu: najua mnajua sababu. Naombeni mniambie. Ila taratibu.